Miguu ya Urbanus Ilivyokataa Kupungua

Mume wangu Urbanus Nzau aliagana nasi mara tatu kabla ya kufa, na kila mara alituachia mambo ya kutengeneza.

Mara ya kwanza ilikuwa mwaka wa hamsini na tano. Pumzi ilimkata akiwa kazini, kwenye shamba la kahawa nje ya Ruiru, akaletwa nyumbani kwa mkokoteni. Akamwita ndugu yake Muthoka, akamshika mkono, akamwambia, "Baiskeli yangu ni yako." Kwetu Ukambani maneno ya mtu anayekufa hayarudishwi. Baada ya wiki tatu katika hospitali ya Thika, Urbanus akarudi amepata nafuu, na Muthoka yuko Machakos anapiga kengele ya baiskeli. Tuliiomba. Muthoka akajibu kwamba hawezi kuvunja agizo la marehemu. Nilimpelekea habari kwamba marehemu yuko hapa anakunywa chai, lakini hakujibu tena.

Mara ya pili aliitiwa padre. Padre wa watu alikuja kutoka misheni na vumbi mpaka kwenye nyusi, akampaka mafuta, sisi tukapiga magoti, na mimi nikalia machozi ya kweli. Kesho yake asubuhi Urbanus akaomba viazi vitamu. Mara ya tatu aliniaga mimi peke yangu. Alinikalisha kitandani akaniambia nikibaki mjane nisikubali kuolewa na Boaz, karani wa stoo. Mimi Boaz sikuwa nimewahi kumtazama usoni. Tangu siku hiyo nikaanza kumtazama, nione alichokiona mume wangu, na sikuona kitu.

Sisemi haya kwa kumdharau. Urbanus alikuwa mwanamume mzuri, mrefu, mwenye sauti iliyofika mtoni bila yeye kujisumbua. Kazi yake ilikuwa nyapara wa vitanda vya kuanikia kahawa. Ikishaoshwa, kahawa inatandazwa juu ya vitanda vya waya, wanawake wanaigeuza kutwa, na mvua ikitisha inafunikwa mara moja, la sivyo imeoza na nyapara anajibu. Yeye alikuwa akinusa mvua kabla ya wingu kutokea. Lakini kuishi na mtu anayekufa kila baada ya miezi mitatu kunachosha kuliko kuchuma kahawa, na asiyeamini ajaribu.

Daktari wa Thika alikuwa Mzungu asiyejua Kiswahili cha kumtosha mtu mgonjwa, kwa hiyo maneno yake yalipitia kwa dresa mmoja, msaidizi wake, jina lake Tobias, kijana wa Nyanza, nadhifu, mwenye kusema polepole kama anayefundisha watoto. Tobias alitueleza kwamba moyo wa Urbanus umechoka kusukuma damu. Maji yanayopaswa kutoka mwilini yanabaki. Mengine yanashuka miguuni, mengine yanajaa kwenye mapafu, ndiyo sababu mgonjwa akilala chali anaona kama anazama. Akatupa vidonge vidogo vya kila siku na tarehe za kurudi kudungwa sindano ya kutoa maji.

"Na chumvi hapana," Tobias akasema. "Hata kidogo, mama. Chumvi ndio inashika maji. Mkate wa dukani hapana, samaki ya mkebe hapana."

Samaki wa mkebe. Sisi watu wa laini, zile nyumba za vibarua wa shamba, tuliopewa chumba kimoja na posho ya unga na maharagwe, tutakula samaki wa mkebe lini? Niliitikia tu, nikaenda nyumbani nikatoa chumvi yote ndani, nikaipeleka kwa jirani yangu Nelima aitunze kwake. Mimi na binti yetu Mbula tulikula chakula kile kile bila chumvi, ili mgonjwa asione tunafaidi.

Urbanus alilala ameketi. Nilijaza maganda makavu ya kahawa katika magunia mawili, nikayasimamisha kitandani, akawa anayaegemea. Kila asubuhi kabla sijafungua mlango aliniuliza, "Syombua, bado niko?" Ningejibu nini? Nilimjibu, "Kama hauko, nani ananiuliza?" Siku nyingine jibu hilo lilimchekesha. Siku nyingine aligeuza uso ukutani, na mimi nikatoka kuwasha moto nikijua nimemuumiza. Aliogopa sana, na hofu yake haikupungua kwa kusemwa. Aliogopa kulala, aliogopa Jumatatu kwa sababu babu yake alikufa Jumatatu, aliogopa hata kubandika miguu chini asubuhi, kwa kuwa miguu ndiyo iliyomwambia hali yake.

Na miguu ilikataa kupungua. Alipodungwa sindano alikojoa siku mbili, miguu ikakonda, tukafurahi. Baada ya wiki moja imejaa tena, inang'aa, ukibonyeza kidole shimo linabaki kama kwenye unga uliokandwa. Tulirudi Thika mara nne kwa gari moshi, kila mara na karatasi zetu za ruhusa mkononi, maana ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari na askari hawakujali moyo wa mtu. Mara ya nne Tobias alibonyeza mguu wa Urbanus, akalitazama lile shimo, kisha akanitazama mimi.

"Mama, huyu anakula chumvi."

"Hali chumvi."

"Mguu haidanganyi."

Nilirudi nimefura kuliko hiyo miguu. Mimi nakula maharagwe yasiyo na ladha mwaka mzima, na kuna mtu ananizunguka. Nilimpekua Urbanus mifuko ya koti. Nikanusa vidole vyake. Nikamuuliza bombani, mbele ya wanawake wote waliokuja kuchota maji, analamba chumvi kwa nani. Aliapa kwa jina la baba yake kwamba hajaigusa. Nikamwambia wezi wote wana baba.

Basi ndipo mama yake, Katunge, akaja kututembelea kutoka Matungulu, ng'ambo ya Kilimambogo. Alileta mbaazi na kibuyu cha maziwa, akakaa wiki moja, na wiki hiyo Urbanus akavimba mpaka magotini. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea. Nilikuwa nimemwona bibi huyo akikoroga chungu nilipotoka kwenda kuteka maji. Nikamkabili papo hapo, mbele ya mwanawe.

"Mwaitu," nilimwambia, kwa maana ndivyo Mkamba anavyomwita mama, "unamtilia mwanao chumvi kwa siri. Unamwonea huruma na huruma yako inamuua."

Mke kumwambia mama mkwe maneno kama hayo si jambo dogo, na mimi nilijua hivyo hata kabla sijafunga mdomo. Mama Katunge hakupaza sauti. Alikunja shuka yake, akachukua kiondo, akasema hatakanyaga nyumba inayomwita mchawi, wala hataki kuniona kwake, mpaka ijulikane nani alitia chumvi. Akaondoka bila kula. Urbanus alimtazama mama yake akiteremka njia ya kahawa mpaka akapotea, kisha akasema maneno yaliyonitisha kuliko kuaga kwake kote.

"Dawa nakunywa. Sindano nadungwa. Chumvi sijala na mama hajanipa. Kama nafanya yote na bado navimba, basi hii ni kufa tu, na hospitali wananizungusha. Jumamosi lori la shamba linaenda Machakos kupeleka vyuma. Nitapanda. Nikafie nyumbani."

Safari hii hakulia wala hakugawa kitu. Alisema kama anayepanga kazi ya kesho. Nilibisha, nikamkemea, nikamwambia nimechoka na vifo vyake. Akaanza kukunja nguo zake. Nikajua kweli anakwenda, na akienda hakuna dawa wala sindano, na mwezi hautaisha. Niliogopa, naye ilikuwa mara ya kwanza hakuogopa, na hilo ndilo lililonitia baridi.

Alhamisi nikabandika muthokoi wa njiani. Muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatoka maganda, unayachemsha na maharagwe kwa saa nyingi, ni chakula chetu sisi kuliko vyote. Ukiyaachia maji matupu utachoma kuni mpaka jioni na bado yatagonga meno. Kwa hiyo kila mpishi anatia magadi, yale mawe meupe ya sokoni yanayosagwa. Maharagwe yanalegea, yanapendeza. Na kwa sababu Urbanus alikuwa akichoka kutafuna, akimeza tonge tatu anapumzika kama aliyepanda mlima, mimi nilikuwa nikimtilia vijiko viwili badala ya kimoja, ili chakula kiyeyuke mdomoni bila kumsumbua.

Nelima alikuja kuomba moto. Yeye ni wa Kimilili, mumewe alikuwa akiendesha mashine ya kumenya kahawa. Alisimama na kigae chake cha makaa, akanitazama nikitia kijiko cha pili.

"Mama Mbula, si daktari alikataza?"

"Alikataza chumvi. Hii ni magadi."

"Kwetu zamani, kabla ya ile chumvi ya duka kufika, watu walikuwa wanachoma majani ya mtoni, wanachuja jivu, hayo maji ndio wanatia kwa mboga. Nyanya yangu alikufa bila kuonja ingine. Iko namna hii tu." Alionyesha kikopo changu kwa kidevu. "Lamba basi."

Nililamba. Miaka ishirini nimepika kwa magadi na sikuwa nimewahi kuyaweka kwenye ulimi peke yake. Nani hulamba magadi? Yalikuwa na ladha ya chumvi. Nelima akachukua makaa yake akaenda, na mimi nikaketi chini karibu na jiko nikihesabu vijiko vya mwaka mzima, mpaka maji yakakauka na muthokoi ukaungua.

Ijumaa nikapanda gari moshi peke yangu. Urbanus nilimwambia naenda kumwombea dawa za safari. Nilifunga jiwe la magadi kwenye ncha ya leso, na hospitalini nikalifungua mbele ya Tobias. Tobias akalitazama, akalipeleka kwa daktari. Daktari akaita, nikaingia, akauliza natia kiasi gani. Nikamwonyesha kwa mkono. Akauliza mara ngapi. Nikasema kila siku, tena mara mbili mgonjwa akiwa dhaifu. Daktari akaweka kalamu mezani akajishika kichwa.

"Anasema hii kwa huyo mgonjwa ni kama chumvi tu," Tobias akanieleza. "Inashika maji vile vile, tumbo haijui kama umeinunua kwa jina ingine. Anauliza mbona hukusema."

"Mwambie hakuniuliza. Aliniuliza samaki ya mkebe."

Tobias hakutafsiri. Yeye mwenyewe alikuwa amelelewa kwa mboga za magadi, niliona usoni mwake kwamba anawaza chungu cha mama yake. Akanisindikiza mpaka langoni na akaniomba radhi kwa yale ya mguu haudanganyi, ingawa kwa haki mguu haukuwa umedanganya.

Urbanus nilimwambia daktari ametaka asisafiri, akadungwe sindano nyingine kwanza. Lori la Jumamosi likaondoka bila yeye. Kuhusu magadi sikumwambia. Nilijipa sababu nyingi. Kwamba atashtuka, moyo utasimama. Kwamba nitamwambia akipata nguvu. Ukweli ni kwamba niliona haya, na mimi si mtu aliyezoea kuona haya, sikujua pa kuiweka. Nilimwita mwizi mbele ya bomba zima. Nilimfukuza mama yake. Na kijiko kilikuwa mkononi mwangu.

Nikaacha magadi. Nikapika ugali na mboga, viazi, uji, na muthokoi wa kulowekwa siku mbili. Urbanus akanung'unika kwamba maharagwe yamekuwa kokoto. "Unataka nizikwe bila meno?" akaniuliza. Nikamwambia atafune taratibu, hana haraka ya kwenda popote. Wiki ya tatu akavaa viatu. Wiki ya tano gunia moja la maganda likatolewa kitandani. Akaanza kwenda kwenye vitanda vya kahawa, hatua chache na kupumzika, akiwafokea wanawake kwamba wanageuza kahawa kama wanaopapasa mtoto. Wale wanawake walifurahi kufokewa mpaka mmoja akalia.

Ningeweza kunyamaza hivyo milele. Lakini Urbanus hakuwa mtu wa kupona kimya. Alitangaza. Mafuta ya padre, alisema, yalikuwa yamechelewa kufanya kazi, sasa yamefanya. Mungu amemponya kabisa. Na Jumapili moja, tukitoka kanisani, akaniambia kwamba kwa kuwa Mungu amemponya kabisa, vile vidonge hatavigusa tena, maana kuvinywa ni kumkosea Mungu shukrani.

Nilisimama katikati ya njia. Hasira ilinipanda mpaka masikio yakapiga kelele.

"Hujapona," nilimwambia. "Moyo wako ni ule ule mbovu. Miguu imepungua kwa sababu nimeacha kukutilia magadi. Magadi yanashika maji kama chumvi. Nimekulisha mwaka mzima, vijiko viwili. Mama yako hana kosa na wewe huna kosa. Ni mimi. Utakunywa vidonge."

Mbula alikuwa mbele yetu na marafiki zake, hakusikia. Urbanus alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya ukingo wa mtaro. Sikujua kama atanipiga, au atanirudisha kwetu, au ataanguka palepale. Akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole.

"Kwa nini viwili?" akauliza.

"Ulikuwa unachoka kutafuna."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha zamani, mpaka akakohoa na ikabidi nimpige mgongoni. "Mwaka mzima namwogopa Mungu," alisema alipopata pumzi, "kumbe wa kuogopwa yuko jikoni." Mimi nilikuwa nalia. Nilimwambia si jambo la kuchekwa. Nikamwambia wiki hiyo hiyo nitakwenda Matungulu, nimpigie mama yake magoti, nimweleze yote.

Hapo akaacha kucheka.

"Hutamwambia."

"Nitamwambia. Nilimtukana."

"Sikiliza, Mama Mbula. Daktari hakutuficha. Vidonge nitakunywa, lakini mimi nitatangulia na mama atabaki. Na wewe utabaki. Shamba la Matungulu ni moja, na mtalima pamoja. Yeye akijua ni chungu chako, siku nikifa kwa lolote, hata nikigongwa na gari moshi, atasema ni chungu chako. Miaka yote atakutazama hivyo. Mimi nikiwa mwizi wa chumvi, nimekufa na wizi wangu, kwisha."

Alisema "mimi nitatangulia" kwa sauti ya mtu anayepanga zamu za kugeuza kahawa. Yeye, aliyekuwa akiniuliza kila asubuhi kama bado yuko. Nilibisha njia nzima mpaka laini. Nilimwambia ni uongo, ni dhambi, tena Jumapili. Akasema ataungama kwa padre, na padre amezoea kuja kwake.

Tulikwenda Matungulu mwezi uliofuata. Mama Katunge alitusimamisha uani, hakutukaribisha hata kiti. Urbanus akavua kofia, akamwambia mama yake kwamba ni yeye, alikuwa akinunua chumvi na kuilamba kwa siri, mke wake alikuwa akimlinda, akasingiziwa mama kwa ajili ya tamaa yake. Mama Katunge alimsema mwanawe nusu saa nzima. Alimwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na yeye alistahili kuvunjika yote mawili. Akamwita mtoto, akamwita fisi. Urbanus, nyapara wa watu arobaini, alisimama juani na kofia mkononi akiitikia, "Ndiyo, mama. Ni kweli, mama." Nilifungua mdomo mara mbili, na mara mbili alinitazama mpaka nikaufunga.

Kisha bibi akanigeukia. Akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka, akaniambia, "Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa na haki ya kuuliza." Na mimi nikasema nimemsamehe.

Urbanus alifariki mwaka wa hamsini na tisa, mwezi wa Juni, asubuhi, akiwa ameketi kando ya vitanda vya kahawa. Hakuaga mtu. Mimi na mama yake tunalima pamoja na hatujagombana kitu kikubwa. Wageni wakija anawaambia mwanawe angekuwa hai kama angemsikiliza mkewe, kwamba hakuna mke aliyemlinda mume kama Syombua. Anasema hivyo mbele yangu, na mimi nachambua maharagwe bila kuinua kichwa, nimemkasirikia Urbanus kwa sifa aliyoniachia.